Mama Mkwe Amekalia Rimoti

Rimoti ya nyumbani kwangu ina vitufe zaidi ya arobaini, na miaka yote hii nimekijua vizuri kimoja tu: cha kulikimbia busu. Kazi hiyo niliirithi kwa baba. Yeye hakuwa na rimoti, alikuwa na kikohozi. Enzi zile tivi yetu ilikuwa nyeusi na nyeupe, inakula betri ya gari, na Wazungu wakianza tu kusogezeana nyuso pale kiooni, baba alikohoa, mama akakumbuka sufuria jikoni, nami nikatumwa maji. Nikirudi na kikombe, mapenzi yameshaisha, watu wamevaa makoti, polisi wanafukuzana na wezi. Mpaka namaliza darasa la nane niliamini kwamba busu la Kizungu huchukua muda ule ule wa kwenda mtungini na kurudi.

Sasa baba ni mimi, na kukohoa najua. Binti yangu mdogo akisikia nimekohoa, hata kama ni vumbi la kawaida la Isiolo, hufumba macho.

Shida ilianza likizo ya Agosti. Mtoto wa dada yangu, anayesomea mambo ya filamu chuo kikuu Nairobi, alishuka kwenye matatu ya jioni akiwa na nywele za kusokota na flashi shingoni. Soksi za kubadilisha hakuwa nazo.

“Mjomba, nimekuletea vichekesho vya Kiitaliano. Miaka ya sitini. Mapenzi na uhuru.”

Neno uhuru alilitamka kama mtu anayelipima kwa kilo.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nina miaka 19 na mama watoto, watoto wanne na mkopo wa sako. Uhuru wa mapenzi kwangu ni kama theluji: najua upo, najua unapatikana latitudo gani, na asubuhi moja moja mawingu yakifunguka upande wa Mlima Kenya nauona kwa mbali ukimetameta, halafu mawingu yanajifunga nami naenda kazini. Kwa hiyo sikukataa. Nilisema tutaona, na moyoni nikaanza kutafuta saa ambayo nyumba yote itakuwa imelala.

Kizuizi kilikuwa mama mkwe. Aliteremka kutoka Maua kwa siku tatu, kuja kupimwa macho, na hiyo ilikuwa wiki ya tano. Macho yalipimwa siku ya pili, miwani ikapatikana siku ya nne, na tangu hapo anaona kila kitu: vumbi juu ya kabati, daftari nisizosahihisha, shati lililokosa kifungo. Kilichomweka nakijua. Ni mtamba mmoja na mtungi wa asali. Mimi na mama watoto tulianza maisha kwa ule mtindo unaojulikana Kenya nzima, njoo-tukae. Nikapeleka sehemu ya mahari, nikaahidi kwamba iliyobaki nitaimaliza mvua ikinyesha vizuri, na harusi ya kanisani ifuate. Mvua ya Isiolo! Mtu akikuahidi kitu kwa mvua ya Isiolo, amekukatalia kwa adabu. Mama mkwe, Mmethodisti wa viti vya mbele, hadai mahari waziwazi. Kila asubuhi hunywa chai, husogeza pazia, huniuliza, “Mwalimu, mvua imenyesha wapi?”

Nilijaribu kutazama peke yangu. Usiku wa kwanza, saa sita, tokeni ziliisha kabla jina la mwongozaji halijaandikwa, mita ikaanza kulia, nyumba nzima ikaamka kuniuliza ninafanya nini gizani. Usiku wa pili nilifika mbele kidogo. Nikasikia pumzi dirishani: mlinzi wa jirani, Mturkana mpole, ameegemea rungu lake. “Mwalimu,” akanong’ona, “hapo mwizi ni nani?” Nikamwambia bado hajajulikana. Akavuta jiwe, akakaa. Saa nane mama watoto alitukuta, mmoja ndani mmoja nje, tunamtazama mwanamke akijipaka poda, na kati yetu hakuna aliyekuwa na maelezo.

Basi ikaamuliwa, si na mimi, kwamba Jumamosi tutatazama wote, mchana kweupe wa saa moja jioni, kama watu wenye heshima zao.

Mama mkwe alikaa kwenye kiti changu. Mama watoto alikaa kwenye mkono wa kiti. Abba, jirani yetu Mborana, mzee wa makamo ya babu yangu, huja kila siku kutazama habari na haoni sababu ya kuondoka zikiisha. Hajji ana duka la vitambaa na wake wawili, kila mke na tivi yake. Ndiyo maana yeye hutazama kwangu. Mlinzi akawa dirishani kwenye jiwe lake, sasa kwa mwaliko. Watoto walifungiwa chumbani, yaani walikuwa nyuma ya pazia.

Mama watoto alikuwa amepika pasta kwa heshima ya wageni wetu wa kiooni, ingawa pasta huku si ugeni. Waitaliano waliitawala Somalia, wakaondoka, wakaacha baasto; baasto ikavuka mpaka na wenyewe, na leo Isiolo unaila na nyama ya mbuzi juu na ndizi mbivu pembeni. Mpwa wangu akasema Mwitaliano akiiona ndizi ile kwenye sahani atalia. Hajji akamwambia mwache alie, ndizi itabaki.

Halafu Abba, aliposikia Waitaliano, akatutolea historia kabla flashi haijachomekwa. Julai 1940 waliteremka kutoka Uhabeshi wakaichukua Moyale, wakasogea mpaka Buna. Baba yake Abba alikuwa na mifugo upande wa Waso na aliona malori ya jeshi yakipanda kaskazini. “Mwaka mmoja tu,” Abba akasema, “nao wakawa wanapita hapa mikono juu.” Akaonyesha mikono juu. Pasta ikamwagikia Hajji.

Filamu ya kwanza ilikuwa *Divorzio all’italiana*, Talaka ya Kiitaliano, ya mwaka 1961, kazi ya Pietro Germi. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza na yanakimbia, kwa hiyo mpwa akapewa kazi ya kusimulia. Hapa ndipo elimu ya chuo kikuu ilipopata mtihani. DJ Afro amewazoesha Wakenya kwamba filamu haijakamilika mpaka mtu aisimulie juu yake, na mtu aliyekulia kwenye benchi la vidio hatosheki na kidogo. Mpwa alianza, “Huu ni uhakiki wa mfumo dume wa Kisisilia...” Mama mkwe akamkata: “Sema walichosema.”

Walichosema ni hiki. Kuna baroni anaitwa Fefè, Marcello Mastroianni mwenyewe, nywele zimepakwa mafuta mpaka nzi angeteleza, na ana tabia ya kubana pembe ya mdomo akatoa mlio, nch. Anakaa Agramonte, mji wa kubuni wa Sisilia. Ameoa mwanamke anayeitwa Rosalia, ambaye kosa lake kubwa ni kumpenda mumewe kupita kiasi na kuwa na kivuli cha masharubu. Fefè amempenda binamu yake. Anataka kuachana na Rosalia, na hawezi.

“Hawezi kwa nini?” akauliza Hajji. “Kwani kwao hakuna Kadhi?”

“Talaka hakuna, Hajji. Kanisa limefunga, serikali imefunga.”

“Wazee wa ukoo?” akauliza Abba.

“Hakuna.”

“Hata mke akipigwa?” akauliza mama mkwe, ambaye maisha yake yote amehubiri dhidi ya talaka katika kikundi cha akina mama, na nilimwona kwa mara ya kwanza akiuangalia mlango ambao amekuwa akiulinda, kutokea upande wa ndani.

Sasa Fefè amegundua jambo. Sheria ya Italia ilisema mwanaume akimfumania mkewe na mwanaume mwingine, akamuua kwa hasira ya heshima, kifungo ni miaka 3 hadi 7. Hii haikuwa mizaha ya mwandishi. Ilikuwa kifungu cha 587 cha sheria ya jinai yao, na hakikufutwa mpaka 1981. Kwa hiyo Fefè, badala ya kwenda kwa Kadhi ambaye hayupo, anaanza kumtafutia mkewe mpenzi. Anamleta nyumbani mchoraji aliyewahi kumpenda Rosalia zamani, eti akarabati picha za darini, anatega na mashine ya kunasa sauti.

Hajji aliweka uma chini. “Kwetu,” akasema polepole, “mwizi wa mbuzi anaweza kula miaka 14.”

Ni kweli, hiyo imo katika sheria ya jinai ya Kenya. Tukakaa tukipiga hesabu: mbuzi mmoja ni sawa na Rosalia wawili, ukichukua kiwango cha juu, au karibu watano ukichukua cha chini. Mama watoto akaniuliza hesabu hiyo ninaifanya kwa nini. Nikamwambia ni mazoea ya kazi.

Mimi, nakiri, nilikuwa bado nangoja uhuru. Nilikaa nimeshika rimoti kama mtu aliyeshika kamba ya fahali, kidole tayari. Dakika thelathini, hakuna. Dakika sitini, hakuna! Joto, feni, shangazi, padri, bibi kizee anayesali, vijana wamekaa kwenye baraza la mji wanahesabu wanawake wanaopita. Toa kahawa uweke miraa, na huo ni mtaa wetu wa Bulapesa saa kumi jioni. Nilikuwa nimesubiri siku tatu, nimenunua tokeni za ziada, ili nitazame watu waliobanwa kuliko mimi. Kila mtu katika Agramonte anamtazama kila mtu. Fefè hawezi hata kusimama dirishani bila mama yake kujua anatazama dirisha lipi. Nami nyuma ya pazia nina watoto wanne, dirishani nina askari mwenye rungu.

Kuna mahali nilicheka mpaka nikakohoa, na binti yangu akafumba macho bure. Ni pale *La Dolce Vita* inapofika mjini. Hiyo ni filamu ya kweli ya Fellini ya mwaka 1960, ambayo gazeti la Vatikani liliikemea. Padri wa Agramonte anaihubiri vibaya kanisani, basi usiku ule mji mzima uko ukumbini, mpaka wasiojua sinema ni nini. Na wakati wanaume wote wameinua shingo kumtazama mwanamke wa kiooni, Rosalia wa nyumbani amesema ana maumivu ya kichwa, kisha katoroka na mchoraji wake.

“Hiyo ndiyo shida ya sinema,” akasema mama mkwe, huku akisogeza kiti karibu na tivi.

Padri yule nimeshakutana naye. Aprili 2018 bodi yetu ya filamu iliipiga marufuku *Rafiki* ya Wanuri Kahiu, mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, wiki mbili hivi kabla haijaonyeshwa Cannes. Septemba Mahakama Kuu ikaifungulia kwa siku 7. Siku saba! Filamu ikawa kama mgonjwa aliyeruhusiwa kuonwa. Nairobi watu walipanga foleni. Katika chumba chetu cha walimu, ambako hakuna mtu aliyewahi kujadili filamu ya Kenya hata moja, kwa wiki nzima hapakuwa na mazungumzo mengine, na waliokuwa wakali kuliko wote ndio waliojua foleni ilianzia wapi na tikiti ni bei gani.

Tuendelee. Rosalia anauawa, Fefè anahukumiwa miaka mitatu na anatoka mapema. Anarudi mjini. Na mtu huyu aliyetega, aliyedanganya, aliyeua ili awe huru, afanya nini akishakuwa huru? Anaoa. Amemwoa binamu. Filamu inaisha wako kwenye boti, jua, bahari, bwana harusi amejawa furaha, na mguu wa bibi harusi unauchezea mguu wa nahodha.

Kimya. Kisha Abba akaanza kucheka, taratibu, kama lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza.

“Hawa watu nawajua,” akasema. “Hawa ndio wale wa Nanyuki.”

Wale wa Nanyuki ni hadithi ya kweli. Mpwa hakuijua, na nilifurahi kupata kitu kimoja ambacho hakujifunza chuoni. Januari 1943, katika kambi ya mateka wa Kiitaliano pale Nanyuki, mfungwa mmoja anaitwa Felice Benuzzi alikuwa akiutazama Mlima Kenya kila mawingu yakifunguka, kama mimi na uhuru wangu. Yeye na wenzake wawili, Balletto na Barsotti, wakajitengenezea vifaa vya kupandia kwa vyuma vya kuokoteza, ramani yao ni karatasi ya mkebe wa nyama yenye picha ya mlima, wakatoroka. Mmoja aliugua akabaki chini. Wawili walifika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera yao. Halafu? Halafu wakashuka na njaa yao, wakajirudisha wenyewe kambini. Siku kama 18 za uhuru, kisha wanabisha hodi jela. Kamanda Mwingereza aliwapa siku 28 za kizuizini, akazipunguza zikawa 7, kwa kuwa aliona wamefanya jambo la kiume.

“Mtu anavunja jela, anapanda mlima, anarudi jela,” Abba akasema. “Na huyu anavunja ndoa, anarudi ndoani. Ni ukoo mmoja.” Akafuta machozi kwa ncha ya kikoi. “Sisi Waborana zamani, kabla ya dini, tulikuwa na utaratibu wetu kwa mambo haya...” Hajji akamkazia macho. Abba akanyamaza, akaomba chai. Mpaka leo sijaambiwa.

Kama kuna kosa nililifanya usiku ule, ni kuendelea kuwa mwalimu baada ya filamu kuisha. Watu walikuwa wameshiba, wangelala. Mimi nikaanza kuwaeleza kwamba Italia ilipata sheria ya talaka tarehe 1 Desemba 1970, na siku 11 baadaye, tarehe 12, Jamhuri yetu, roketi iliruka kutoka kituo cha Waitaliano cha San Marco, baharini karibu na Malindi, ikabeba setilaiti ya Marekani ya kuchunguza nyota, na setilaiti hiyo iliitwa Uhuru. Nilidhani ni bahati nzuri ya tarehe. Mama mkwe akauliza kama ilirudi. Nikasema hapana, ilizunguka miaka kadhaa ikaisha. “Umeona,” akasema.

Nikazidi kuchimba. Nikasema wapinzani wa sheria ile walidai kura ya maoni, ikapigwa Mei 1974, nchi nzima, wake kwa waume, na asilimia 59 hivi wakasema talaka ibaki.

“Wanawake waliulizwa?” akauliza mama watoto. Alikuwa hajasema kitu tangu hesabu ya mbuzi.

“Waliulizwa.”

“Sisi je?”

Nikakumbuka, nikiwa nimechelewa, Machi 2014. Bunge letu lilipojadili muswada wa ndoa, wabunge wanaume waliondoa usiku usiku sharti la mume kumwuliza mke wa kwanza kabla ya kuongeza wa pili, na wabunge wanawake wakatoka ukumbini kwa hasira. Germi angepewa kisa hicho angesema mmezidisha chumvi. Hajji aliitazama dari. Dari yangu haina picha za kukarabati, lakini aliitazama kwa makini.

“Na hiyo sheria,” mama watoto akaendelea, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei tu, “inatambua ndoa za namna ngapi?”

Tano. Ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Nimezihesabu mara nyingi, njoo-tukae haimo. Kuna kifungu kinachosema mahari hata ya kiishara yatosha kuithibitisha ndoa ya kimila, na kifungu hicho nakipenda kama Zaburi. Nilikifungua kinywa nikiseme. Nikamwona mama mkwe anarekebisha miwani. Nikasema usiku umeenda.

Jumapili usiku hawakuniuliza. Nilitoka kuoga nikakuta kila mtu mahali pake na *Ieri, oggi, domani* ya Vittorio De Sica, ya 1963, imeshaanza. Ni visa vitatu, na cha kwanza kiliiteka nyumba. Adelina, yaani Sophia Loren, anauza sigara za magendo mitaani Naples, na sheria haimfungi mwanamke mjamzito wala aliyejifungua chini ya miezi sita. Basi anazaa. Kila polisi wakija, ana tumbo. Watoto wanafika saba. Mumewe amekonda, macho yameingia ndani, anaomba alale usiku mmoja tu.

Mlinzi alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye jiwe. Lakini mama mkwe alikuwa amekunja uso.

“Huyu mwanaume si ndiye aliyeua mke jana?”

Mpwa akaeleza kwamba ni mwigizaji yule yule, Mastroianni, ila kisa kingine.

“Naona. Alihukumiwa miaka mitatu akatoka mapema. Sasa amehamia kwa huyu wa sigara.” Akatikisa kichwa. “Na watoto saba.”

Hakuna aliyeweza kumbadilisha. Kwake zile zilikuwa sura za maisha ya mtu mmoja.

Kisa cha pili kilipita, tajiri na gari lake, hakina lolote. Cha tatu ndicho mpwa alichokuwa akikinyamazia. Loren sasa ni Mara, mwanamke wa Roma anayepokea wageni wa kulipa, na jirani yake ni kijana wa seminari aliyempenda mpaka anataka kuacha upadri. Na mwishoni, pale chumbani, Mara anaanza kumvulia nguo mgeni wake, Mastroianni yule yule, moja baada ya moja, kwa muziki.

Nikakohoa. Haikutosha, soksi zilikuwa zinaendelea. Hajji alikumbuka udhu, ingawa Isha tulishamsikia akiiswali. Abba aligundua uzi kwenye kikoi chake na akaufuatilia kwa bidii. Mama watoto alikwenda kutazama sufuria isiyokuwa jikoni. Dirishani rungu lilitoweka, kisha likarudi. Nami nikapapasa mkono wa kiti, nikapapasa meza, nikapapasa chini ya magazeti: rimoti hakuna. Nikatazama. Ilikuwa imechomoza pembe moja tu, nyeusi, chini ya mama mkwe.

“Mama,” nikasema, “naomba...”

“Mwache amalize,” akasema bila kugeuka. “Kazi iliyoanzwa.”

Nilisimama katikati ya sebule yangu mwenyewe, mwanaume wa miaka 46, nikajaribu kuiziba tivi kwa mgongo. Nyuma yangu Mastroianni alikuwa analia kama mbwa mwitu kwa furaha. Halafu ghafla muziki ukakatika. Mara ameacha! Amekumbuka nadhiri. Alimwahidi Mungu wiki nzima ya kujitunza endapo kijana yule angerudi seminari, kijana amerudi, na wiki haijaisha. Mgeni anajitupa huku na huku. Mara anapiga magoti.

Mama mkwe alipiga makofi. “Nadhiri ni nadhiri!” Akanitazama, mimi niliyekuwa bado nimeikinga tivi kwa mikono miwili. “Mtu akiahidi, atimize.”

Ningeing’oa flashi usiku ule mambo yangeishia hapo. Lakini mpwa, ambaye kusoma filamu kumemfundisha kila kitu isipokuwa kusoma nyuso, akasema kuna moja fupi ya kumalizia: *Matrimonio all’italiana*, ya 1964. Ndoa ya Kiitaliano. De Sica tena, Loren tena, Mastroianni tena.

“Bado wako pamoja?” akauliza mama mkwe.

“Ndiyo, shosho. Hapa ameishi naye zaidi ya miaka 20.”

“Amemwoa?”

“Bado.”

Kiti changu kililia chini yake alipojiweka sawa. Filumena amemtunza Domenico, nyumba yake, duka lake, mama yake mgonjwa, miaka na miaka, na Domenico bado anatafuta wengine. Basi Filumena anajilaza kitandani, anageuza macho, anaanza kufa. Padri anaitwa. Mtu anayekufa hanyimwi ndoa, kwa hiyo Domenico anakubali, hapo hapo, kitandani, akijua ni ya saa moja tu. Padri akishamaliza, Filumena anainuka mzima kama jogoo.

Nyumba ilivunjika kwa kicheko. Hajji alipiga paja la Abba. Kwetu Kenya, Abba akasema, baba mkwe huzuia maiti isizikwe mpaka mahari ilipwe. Huyu mama ni mjanja, hakungoja kufa kweli. Nilicheka na mimi. Nilicheka kwa sauti kubwa, kisha nikasikia kwamba karibu yangu kuna mtu ambaye hacheki. Mama watoto alikuwa ameegemeza kidevu mkononi, anaitazama ile sehemu ya kitanda kama wanafunzi wangu wanavyotazama jibu lililoandikwa ubaoni.

“Rudisha nyuma kidogo,” akamwambia mpwa. “Hapo anapogeuza macho.”

Mama yake akainuka nusu, akatoa rimoti, akampa.

Jumatatu alfajiri mpwa aliondoka na gari la saa kumi na moja. Flashi aliisahau, au aliombwa aisahau. Nilikuwa natafuta viatu gizani niliposikia mama watoto anakohoa. Si kikohozi cha baba, kile cha kulikimbiza busu. Hiki kilikuwa kirefu, kikavu, cha mtu anayetaka mchungaji aitwe. Mama mkwe akatoka chumbani na miwani yake, akasogeza pazia, akalitazama anga la Isiolo, jeupe, halina hata wingu la kuomba.

“Mwalimu,” akasema, “naona mvua imenyesha.”